Tulinunua heka 5, ramani imekuja na 1.52, na mdogo wangu anasema nimeuza shamba lake

Shikamoo mjomba,

Naomba unisaidie maana mwanao silali, nikilala nahesabu, nikiamka nahesabu, na hesabu zenyewe kila nikizipiga zinakuja tofauti.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar ila shamba liko Mkoa wa Pwani huko ndani ndani, ukishuka lami unapanda bodaboda kama nusu saa hivi. Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu wa kiume, yeye yupo Nairobi anauza spea za magari, tulikubaliana tununue shamba pamoja kabla bei hazijapaa. Kuna mzee pale kijijini alikuwa anauza heka 5, kila heka milioni 2, jumla milioni 10. Mdogo wangu akatuma milioni 4 mimi nikatoa milioni 6, tukasema basi heka 2 zako heka 3 zangu. Mimi na yeye hatukuandikishana, ni ndugu, ila na yule mzee tuliandikishana serikali ya kijiji na mashahidi wanne.

Siku ya kupima nilikuwepo mwenyewe kwa macho yangu. Mzee alipima kwa hatua, ameshika panga, anatembea anahesabu kwa sauti, akifika sabini anakata kijiti anachomeka halafu anaanza tena moja. Nyasi zilikuwa zinafika magotini na zimelowa umande na yeye kavaa yeboyebo. Upande wa mbele wa barabarani akahesabu 70, upande wa kwenda ndani akahesabu 70 mara tano, yaani 350, mpaka kwenye mwembe mkubwa. Karatasi ya mauziano imeandikwa hivyohivyo, "shamba la heka 5, hatua 350 kwa 70, mwisho mwembe". Nikalipa, huko nyuma nikapanda mikorosho, nikachimba kisima na kujenga kibanda cha mlinzi.

Sasa mwaka huu kijiji kimeingia kwenye mpango wa hati za kimila, mpima akaja na kile kimashine chake akazunguka mipaka yote, na mimi na mzee na majirani tupo. Shamba ni tambarare na limenyooka, pembe nne safi kabisa. Akasema tu bikoni za mbele ameziingiza ndani kidogo kwa sababu ya barabara. Baada ya wiki mbili ramani ikaja. Pande mbili ndefu imeandikwa 272, pande mbili fupi 56, na katikati 1.52 Ha. Moyo ukanilipuka. Mtendaji naye ameshajaza fomu, kaandika "heka 1.52", ananisubiri nisaini.

Kosa langu nikapiga picha nikaitupa kwenye grupu la wasapu la familia ili wote waone. Mdogo wangu akarusha voisi, nainukuu, "Sista, eka tano zimekuwa moja na nusu, hizo zingine tatu na nusu umeuzia nani?" Anasema yeye alishapanga eka zake 2 azikate ploti za 50 kwa 100, kwao Kenya eka moja inatoa ploti 8 kwa hiyo zake ni 16, na mbili ameshamuahidi rafiki yake. Anasema anakuja na wakili. Mama amenipigia analia, ananiambia mwanangu kama umeuza sema tu tutakusamehe. Mjomba, mama yangu mzazi.

Nimeuliza watu. Mwalimu mmoja jirani kaniambia heka ni mita 70 kwa 70, yaani 4,900, nikagawa ikaja heka 3.1. Fundi wangu akasema heka ni mita 4,000, nikagawa ikaja 3.8. Kwenye karatasi ni 5, kwenye ramani 1.52. Sasa mimi nina heka ngapi? Mzee kaniibia? Nimjibu nini mdogo wangu na tugawaneje? Mtendaji anataka saini yangu wiki ijayo.

Dada mkubwa, Dar es Salaam

*

Marahaba mpwa wangu,

Kabla sijasema lolote, hiyo fomu usiisaini. Usiweke saini, usiweke dole gumba, hata akikwambia ni utaratibu tu. Mengine yote tutayaongea taratibu lakini hilo ndilo linaloweza kukupotezea ardhi kweli, hayo mengine mengi ni hesabu tu.

Sababu ni hii. Kwenye ramani mpima hakuandika heka, ameandika Ha, na Ha ni hekta. Sisi huku mtaani eka tunaiita heka, wengine ekari, yote ni kitu kimoja, na hilo jina letu la heka limekaa karibu sana na hekta, herufi moja tu inawatenganisha, ukija kuona Ha kwenye karatasi akili inaenda moja kwa moja kwenye heka. Umeteleza wewe, ameteleza mtendaji, na mdogo wako naye kateleza akiwa Nairobi. Lakini hekta ni kubwa kuliko eka mara mbili na nusu karibu. Hekta 1 ni mita 100 kwa 100, mita za mraba 10,000. Eka 1 ni mita za mraba 4,047 (ukitaka kwa nukta ni 4,046.86). Kwa hiyo hekta 1 ina eka 2.471.

Chukua simu yako upige sasa hivi, 1.52 mara 2.471. Inakuja 3.76. Umeona? Una eka 3.76, hauna moja na nusu. Na uhakikishe kwa njia ya pili kwa zile namba za pembeni, 272 mara 56 ni mita za mraba 15,232, gawa kwa 4,047, inarudi 3.76 ileile. Hesabu ya ardhi ikija sawa kwa njia mbili ndiyo ninaiamini. Kama macho yako ni ya mpira kuliko namba, kiwanja cha mpira cha kimataifa cha mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, shamba lenu linameza viwanja viwili na bado kinabaki kipande.

Sasa fikiria fomu inayosema heka 1.52 ikapigwa muhuri. Eka 1.52 ni mita za mraba kama 6,150 tu. Ardhini unazo 15,232, karatasini 6,150, siku jirani akisogeza mkonge wake ndani au wajukuu wakianza kugombana utakuwa unashindana na saini yako mwenyewe. Nenda kwa mtendaji kwa heshima, beba ile ramani, mwombe afute aandike hekta 1.52, na pembeni aongeze mita za mraba 15,232. Mita za mraba hazina mjadala, hazifanani na neno lolote. Na ukipewa nakala soma tena kabla ya kutoka ofisini.

Haya, tuje kwenye zile namba zako nyingine. Fundi wako kakaribia kabisa, wengi wanakata 4,047 iwe 4,000 ili iwe rahisi kichwani, kwa kukadiria njiani si vibaya, kwa kuuziana ni vibaya maana kila eka mita za mraba 47 zinapotea. Mwalimu ndiye kakosea zaidi na hayuko peke yake, hiyo ya "eka ni mita 70 kwa 70" imesambaa nchi nzima. Mita 70 kwa 70 ni eka 1.21. Ukitaka eka moja ya mraba kwa mita ni 63.6 kwa 63.6. Ile 70 ilikuwa ya hatua, tena hatua ndefu ya yadi moja, na yadi ni sentimita 91.44. Eka ya Waingereza ni yadi za mraba 4,840, sasa 70 mara 70 ni 4,900, imekaribia sana ndiyo maana wazee wetu wakaishika hiyo 70 kwa 70, ilikuwa njia nzuri tu. Kilichoharibu ni watu walivyotoa neno hatua wakaweka neno mita bila kubadilisha namba.

Mimi ujana wangu nilikuwa mshika mnyororo kwa wapima, kazi yangu kuvuta mnyororo porini kutwa nzima, mmoja mbele mmoja nyuma. Mnyororo wa kizamani ulikuwa futi 66, na eka ilikuwa mnyororo mmoja upana kwa kumi urefu, futi 66 kwa 660, ndiyo unapata ile futi za mraba 43,560 wanayoijua wenzetu wa Kenya. Kwa hiyo hatua, futi, mita, vyote vinaweza kukupa eka sahihi, ilimradi usichanganye namba ya huku na jina la kule.

Sasa je mzee amekuibia? Hapa nimekaa na barua yako muda mrefu maana umeandika vitu vidogo ambavyo vinasema mengi. Upande wa mbele mzee alihesabu hatua 70, mpima kakuta mita 56. Gawa 56 kwa 70, hatua ya mzee ni sentimita 80. Sasa zidisha hatua 350 kwa sentimita 80, inakuja mita 280. Mpima kakuta 272. Zimepungua mita 8, na wewe mwenyewe umesema bikoni za mbele zimeingizwa ndani kwa ajili ya barabara. Ndizo hizo. Yaani hatua za mzee zimekaa sawasawa kuanzia ya kwanza mpaka ya 350, hakuruka namba na hakuhesabu mara mbili, alitembea tu kama binadamu anavyotembea. Sentimita 80 ni hatua ya kawaida kabisa ya mtu mzima, na kwenye nyasi za magotini zenye umande na yeboyebo miguuni wala sishangai. Hatua ya sentimita 91 inabidi ujivute, ukienda nayo mara 350 mapaja yanauma, nilishawahi kulazimishwa.

Ila tofauti ndogo ya hatua ikizidishwa pande mbili inakuwa kubwa na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Sentimita 80 kwa 91 unaona kama zimepungua sentimita 11 tu, kitu gani. Lakini zimepungua kwenye urefu NA kwenye upana. Shamba la hatua za mzee kabla ya barabara lilikuwa mita 280 kwa 56, mita za mraba 15,680, eka 3.87. Kwa hatua za yadi lingekuwa eka 5 na chembe. Kwa hiyo kwenye hatua mmepoteza eka 1.13, na kwenye barabara mita 8 kwa 56, mita za mraba 448, kama eka 0.11.

Ukijumlisha, pengo la kweli ni eka 1.24. Mdogo wako anasema zimepotea tatu na nusu (5 toa 1.52). Eka 2.24 kati ya hizo hazijawahi kupotea hata siku moja, zipo pale na korosho zako juu yake, zilipotea kwenye herufi mbili za H na a tu.

Kuhusu kumdai mzee nitakwambia ninavyoona mimi. Karatasi yenu inasema heka 5, halafu palepale inasema hatua 350 kwa 70 na mwisho mwembe. Yeye hatua kakupa na mwembe kakupa, mashahidi wanne walikuwepo, wewe ulikuwepo. Kwenda kumwita mwizi si haki na kijijini hapo utahitaji kuishi. Lakini bei mlipatana kwa eka, milioni 2 kila moja, na eka 5 hazikufika, hilo nalo ni kweli na unayo haki ya kulisema. Kwa hatua zile kila eka imewagharimu karibu milioni 2 na laki 6. Kama bado ana ardhi nyuma ya mwembe, nenda na mtu mzima mmoja na wale mashahidi, mpelekee ramani, mweleze pole pole. Kukamilisha eka 5 kwa upana uleule wa mita 56 shamba lingehitaji urefu wa mita 361 kutoka mpaka wa zamani wa barabarani, yaani mita 81 zaidi kwenda nyuma. Mwombe hizo 81, akisema nyingi mpatane kati, au akuuzie kwa bei ya 2019. Akikataa kabisa kuna baraza la ardhi la kijiji, kazi yake ni kusuluhisha mambo kama haya, ila mimi ningeanzia barazani kwake kwa chai. Na mwombe kabla mpima hajafunga kazi hapo kijijini, kumrudisha baadaye ni gharama.

Na hizo mita 8 za barabara, mwombe mpima akuonyeshe kwenye ramani ya kijiji kama barabara imepangwa upana huo kwa wote. Kama jirani wa kushoto na kulia nao wameingizwa mita 8, sawa. Kama ni wewe peke yako, uliza kwa nini.

Sasa mdogo wako. Nimemsikia kwenye hiyo voisi na nimesikia mtu aliyeogopa, milioni 4 katuma kwa imani kutoka nchi nyingine halafu anaona 1.52. Usimjibu kwa hasira. Ila mjibu kwa lugha anayoijua, na yeye lugha yake ni futi. Mita 272 kwa 56 ni futi 892 kwa 184. Azidishe mwenyewe halafu agawe kwa 43,560, atapata 3.76 au 3.77 kutegemea anavyokata nukta. Na kingine, kama ana ardhi yoyote Kenya mwambie atoe hati yake ya kumiliki aisome, hati za Kenya nazo zinaandikwa kwa hekta. Ploti ya 50 kwa 100 pale inasomeka kama 0.046, shamba la eka moja inasomeka 0.40 na kitu. Hajawahi kusema serikali imemwibia zaidi ya nusu, maana anajua ni hekta. Hii yako ni hivyohivyo.

Hizo ploti 16 nazo zinataka maongezi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, mita za mraba 464.5. Watu wa Kenya wanaiita moja ya nane ya eka, na si kweli kamili, moja ya nane ya eka ni mita za mraba 506. Ukigawa eka nzima kwa 464.5 unapata 8.7, ndiyo ile wanayosema eka inatoa ploti 8, hicho kinachobaki kinakwenda barabarani, tena mara nyingi hakitoshi. Nimeona watu wamekata nane kamili halafu wa katikati hana pa kutokea na gari, anapita uwanjani kwa mwenzake mpaka wanafikishana mahakamani.

Kugawana, nakuomba sana msigawane kwa eka. Mkisema "zako mbili zangu tatu" nani atabeba pengo? Yeye atachukua 2 kamili wewe ubaki na 1.76? Hapana. Yeye alitoa milioni 4 kati ya 10, ana sehemu mbili kati ya tano za kilichopo, kikiwa kingi kikiwa kidogo. Mbili ya tano ya 15,232 ni mita za mraba 6,093, eka 1.5 hivi. Zako ni 9,139, eka 2.26. Mzee akiongeza ardhi, gawio linabaki lilelile mbili kwa tatu.

Ila kabla hamjagawana toeni njia kwanza. Mikorosho yako na kisima viko nyuma, barabara iko mbele, yeye akichukua mbele wewe utapita wapi? Nikiwa mimi ningepitisha njia ya mita 6 katikati kuanzia barabarani mpaka mwisho. Inabaki mita 25 kila upande wa njia. Halafu urefu wa 272 mnakata mbili kwa tatu, yeye mita 108.8 za mbele, wewe 163.2 za nyuma. Akitaka viwanja, kwenye 108.8 anapata vitano vya mita 20 kwa 25 kila upande, jumla 10, kila kimoja mita za mraba 500, kikubwa kuliko ile ploti yake ya 50 kwa 100, na kila kimoja kina njia. Kumi badala ya 16, najua anaweza kununa, lakini mbele ya barabara ndipo penye bei na wewe umempa mbele. Hilo alitambue, mita ya mbele na mita ya nyuma kwenye ramani ni sawa lakini sokoni si sawa. Na hivyo viwanja asimuahidi mtu mwingine tena, hilo bado ni shamba, kuligeuza viwanja lazima lipite halmashauri kwa watu wa mipango. Rafiki yake amwambie asubiri.

Kingine kidogo maana wengi wananiandikia na hii inawang'ata. Nusu eka si hatua 35 kwa 35. Ukikata pande zote mbili nusu unabaki na robo. Nusu eka ni 35 kwa 70. Juzi dada mmoja kauziwa "nusu eka" ya 35 kwa 35 kwa bei ya nusu kamili, na aliyemuuzia kaapa hajui, na mimi namwamini kwa sababu nimekutana nayo sana. Vivyo hivyo futi kwenda mita: urefu unagawa kwa 3.28, lakini futi za mraba unagawa kwa 10.76, ukigawa kwa 3.28 utajiona tajiri. Na walio Uganda wao wana desimali, eka moja ni desimali 100, kila moja mita za mraba 40 na nusu hivi, mtu akikuuzia "desimali 12" ni hiyo ploti ya 50 kwa 100 imekuzwa kidogo mdomoni, kwa hesabu ni 11.5. Na wenye mashamba ya milimani, Lushoto au Uluguru, mpima anapima mlalo kama vile mlima umelazwa, wewe unapima kwa kufuata mteremko. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 70 za miguu yako kwenye ramani zinakuja 65.8. Hakuna aliyeiba. Lako ni tambarare kwa hiyo hili halikuhusu.

Meseji ya mdogo wako nimekuandikia, ibadilishe upendavyo, ila mpigie kwanza, halafu ndiyo uitume kwenye lile lile grupu ulikotuma picha, ili mama aione:

"Mdogo wangu, nimehakikisha. Ile 1.52 ni hekta, si eka. Kwa eka ni 3.76. Pima mwenyewe, futi 892 kwa 184, gawa kwa 43,560. Sijauza hata hatua moja. Zimepungua eka 1.24 tangu siku ya kununua kwa sababu mzee alipima kwa hatua fupi na barabara imechukua mita 8. Nakwenda kuongea na mzee. Mimi na wewe tutagawana mbili kwa tatu kama tulivyotoa hela. Njoo bila wakili, njoo na tepu ya mita 50, mpima yupo mpaka mwisho wa mwezi, tupime wote na mama awepo."

Hiyo ya mpima kuwepo mpaka mwisho wa mwezi nimeiweka kwa kukisia, muulize kwanza ndipo utume. Na siku hiyo mkipima kwa tepu, ivuteni iwe imekaza kabisa na iwe juu ya nyasi, isijilaze kwenye nyasi, anzieni bikoni ya mbele kushoto, na mama mpeni kiti kivulini chini ya mwembe palipo mwisho wa shamba ili aone tepu inavyomfikia.